VPN na seva za kukodi: nani bado anakuona?

Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Tangu hapo wengi wetu Busia na Tororo tumezoea kuwasha VPN. Je, inakuficha?

VPN hupitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mtu mwingine. Kampuni ya simu haioni tena tovuti unazofungua, lakini mwenye seva anaweza kuziona.

Wengine hukodi seva mbili au tatu na kuziunga kama mnyororo. Ya kwanza inajua unakotoka, haijui unakokwenda. Ya mwisho inajua unakokwenda, haijui unakotoka. Lakini ukizikodi zote kwa jina lako na kuzilipia kwa simu yako, mnyororo mzima una jina lako. Tor hufanya kazi hiyo bure, kupitia kompyuta tatu za watu tofauti wanaojitolea.

Kumbuka pia:

- Ukiingia Facebook kwa jina lako, Facebook inakujua hata ukipitia seva kumi.
- Laini yako imesajiliwa, na kampuni ya simu inajua uko karibu na mnara upi. Ukivuka mpaka na kuweka laini ya Kenya, umebadilisha tu kampuni inayokuona.
- Baadhi ya VPN za bure huuza taarifa za watumiaji.

Ikiwa ulikimbia watu wanaokutafuta, usiweke mtandaoni picha ya mahali unapoishi wala karatasi zako za ukimbizi. Hakuna seva inayoweza kuficha ulichokitangaza mwenyewe.