Kompyuta ya hospitali isiundwe bila muuguzi

Je, msomaji, umewahi kungoja kwenye dirisha la hospitali huku karani akihangaika na kompyuta, nawe unaugua maumivu? Usikimbilie kumlaumu. Huenda waliounda programu hiyo hawakuketi hata siku moja mahali anapofanyia kazi.

Tatizo hili si la foleni tu, linaweza kuua. Kati ya 1985 na 1987, wagonjwa sita wa saratani nchini Marekani na Kanada walipigwa na miale kupita kiasi na mashine iitwayo Therac-25, na baadhi yao wakafariki. Huko Tyler, Texas, mwaka wa 1986, mhudumu aliyeizoea mashine hiyo aliandika maagizo, akaona amekosea, akasahihisha upesi. Programu haikuimudu kasi yake. Kioo kilionyesha neno la hitilafu na nambari 54 pekee, bila maelezo, naye akaendelea. Vidole vyake vilikuwa vimefichua kasoro ambayo waundaji hawakuigundua.

Dawa ya ugonjwa huu inaanzia darasani. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, wanafunzi wa kompyuta, umeme, mitambo na usanifu wamekuwa wakifundishwa pamoja kuunda kompyuta za majaribio. Katika miaka ya 1990 waliunda VuMan 3, kompyuta ya kuvaliwa mwilini, kwa ajili ya wanajeshi wanaokagua magari ya kivita. Mkaguzi huvaa glavu na huingia mahali pa shida, kwa hivyo hakuwekewa vibonye vya kuandikia bali gurudumu moja kubwa la kuzungusha. Ukaguzi ukachukua muda mfupi kuliko ule wa karatasi.

Mafunzo kama haya yanafaa sana katika afya. Mweke mwanafunzi wa kompyuta pamoja na wa uuguzi, udaktari na usanifu. Kwanza waende zahanati watazame kazi inavyofanyika, bila kuuliza mengi. Kisha wachore kurasa za programu kwenye karatasi na kumpa muuguzi azitumie kana kwamba ni kompyuta. Wasimfundishe. Akikwama, hapo ndipo penye ugonjwa. Warekebishe, warudi tena. Karatasi ikikosewa hutupwa. Mashine iliyokwisha kununuliwa hubaki ikisumbua kwa miaka.

Wako watakaosema kuwa wanafunzi wa udaktari tayari wana mengi ya kusoma. Ni kweli. Lakini daktari asiyeweza kumweleza fundi shida yake ataletewa kifaa asichokihitaji, na atakayeumia ni mgonjwa.

Nawe msomaji una sehemu yako. Wanafunzi wakija kliniki yako kutazama kazi, fahamu haya:

- Uliza ni nani na wametoka chuo gani.
- Una haki ya kukataa kutazamwa, na hupaswi kunyimwa matibabu kwa sababu hiyo.
- Habari za ugonjwa wako zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Katika majaribio watumie majina ya kubuni, si faili yako.
- Ukikubali, sema wazi kinachokusumbua: maandishi madogo, lugha usiyoielewa, au kuulizwa jambo lile lile mara tatu.

Daktari hatoi dawa kabla ya kumsikiliza mgonjwa. Anayeunda kompyuta ya hospitali naye afunzwe vivyo hivyo.