Upanga wa Ukutani na Upanga wa Mkononi

Katika nyumba nyingi za Bujumbura ukuta wa sebule una mapambo yake yaliyozoeleka: picha ya harusi, kalenda, saa, na pengine picha ya baba akiwa katika sare yake. Miaka hii ya karibuni umeongezeka upanga. Si panga la kukatia majani ya ng'ombe, bali upanga mrefu unaometameta, wenye kikingio cha mkono mfano wa msalaba na maandishi yasiyosomeka, ulioigwa kutoka katika sinema za mashujaa wa kubuni. Huletwa na wasafiri ukiwa ndani ya sanduku la karatasi, pamoja na kibao cha kuutundikia.

Upanga wa namna hiyo uliingia nyumbani kwetu, hapa Buterere, kama zawadi ya mpwa wangu alipofaulu mtihani. Aliyeuleta ni ami yake aishiye Muscat, ambaye aliununua Dubai akiwa njiani. Ulikaa ukutani miezi saba bila kumdhuru mtu. Mwezi wa nane vijana wa mtaa walitayarisha mchezo wa kuigiza kwa ajili ya sikukuu, na mpwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mfalme, akauteremsha. Walikuwa wakifanya mazoezi uani. Aliuinua kwa mikono miwili, akauzungusha hewani, wala haukugonga kitu chochote. Mkononi mwake ukabaki mpini, na bapa zima likaruka juu ya vichwa vya watoto waliokuwa wameketi kutazama, likaanguka hatua mbili kutoka jikoni, mahali dada yangu alipokuwa akichochea maharagwe. Kwa rehema ya Mungu hakuumia mtu.

Kesho yake tulivifunga vipande viwili katika gunia, tukavipeleka kwa mhunzi mmoja anayefua majembe na mapanga kwa vyuma chakavu. (Jina la Buterere wengi walilijua kwa sababu ya jalala la jiji, ni haki basi lijulikane pia kwa watu wanaokiokoa kilichotupwa.) Mzee yule ni mtu wa maneno machache. Mpwa wangu alimwamkia, akampa bapa. Yeye akaliweka kando bila kulitazama, akauomba mpini. Akaupasua kwa patasi. Ndani mlikuwa na plastiki tupu, na katikati yake kijiti cha chuma kisichozidi unene wa penseli, chenye nati mwishoni. Kijiti hicho kilikuwa kimelehemiwa kwenye kitako cha bapa, na pale kilipolehemiwa ndipo kilipokatika.

“Mwanangu,” akasema, “wewe ulidhani umeshika upanga. Ulikuwa umeshika msumari.”

Sehemu ya chuma iingiayo katika mpini huitwa msuka, na kila mwenye kisu au jembe nyumbani anao, hata kama hajui jina lake. Katika upanga uliofanywa kwa kutumika, msuka na bapa ni chuma kimoja kilichofuliwa pamoja. Huwa mpana mwanzoni, hupungua polepole, hupita ndani ya mpini wote na kukazwa nyuma kwa ribiti. Kiwanda cha mapambo huokoa chuma na wakati kwa kulehemu kijiti chembamba. Ukiutundika upanga ukutani, tofauti hiyo haionekani kamwe, na mnunuzi hulipia kile akionacho.

Tofauti ya pili imo katika chuma chenyewe. Panga nyingi za kiwandani hufanywa kwa chuma kisichoshika kutu, yaani chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5. Hung'aa miaka mingi hata katika unyevu wa hewa hii ya Ziwa Tanganyika, na kwa kisu cha jikoni ni chuma chema. Lakini katika bapa la karibu mita moja, likipigwa kwa nguvu, ama hupinda likabaki limepinda, ama hukatika. Chuma cha springi ya gari kina kaboni kama asilimia 0.6, nacho kimekusudiwa kupinda na kurudi mara maelfu chini ya mzigo. Ila ukikisahau wiki moja wakati wa masika, utakikuta kimeota kutu.

Upanga wa mpwa wangu ulikuwa nakala ya nakala. Asili yake ni vitabu vya The Lord of the Rings, vya Mwingereza J. R. R. Tolkien, ambaye alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Vilichapwa mwaka 1954 na 1955. Humo mna habari za upanga wa mfalme uliovunjika vitani, vipande vyake vikatunzwa vizazi vingi, hata wahunzi wakaufua upya na kumkabidhi mrithi wa kiti. Sinema tatu za hadithi hiyo, zilizoongozwa na Peter Jackson, zilitoka mwaka 2001 hadi 2003. Silaha zake zilitengenezwa Wellington, New Zealand, katika karakana iitwayo Weta Workshop, na panga bora za chuma zilikuwa kazi ya mhunzi Peter Lyon. Hata huko waigizaji hawakubeba upanga wa aina moja kila wakati. Ulikuwako wa chuma kwa picha za karibu, wa alumini kwa mapigano, na wa mpira mahali palipokuwa na hatari ya mtu kuanguka juu yake. Watu hao, pamoja na fedha zao zote, waliuliza kwanza upanga huu ni wa kazi gani. Sisi hatukuuliza.

Baadaye kampuni ya United Cutlery ya Marekani ilipata idhini ya kuuza nakala kwa umma. Upanga wa mfalme katika nakala hizo una urefu wa sentimita 134 hivi, na kila nakshi inafuata ile ya sinema. Bei yake ni mamia ya dola. Atakaye kumwagiza fundi amfulie wake peke yake kwa ustadi wa namna ile, hulipa maelfu na kungoja miezi. Halafu wako wanaoiga nakala hizo bila idhini, na bila shaka ule wetu ulikuwa wa kundi hilo. Jambo hili si geni. Wale tuliowahi kubanana katika vibanda vya video twamkumbuka Conan wa mwaka 1982, aliyeigizwa na Arnold Schwarzenegger; upanga wake ulifuliwa na fundi mmoja wa Marekani, Jody Samson, kisha viwanda vikauiga, vikiwemo vya Toledo, Hispania.

Ami yetu wa Muscat, tulipompigia simu, alicheka kwa uchungu. Yeye anaishi katika nchi ambayo khanjar, lile jambia la kiunoni, limo katika bendera tangu mwaka 1970, na mwaka 2022 liliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu. Aendapo kununua la kuvaa harusini hulipindua, hupima uzito wa fedha, humwuliza sonara ni kazi ya nani. Kwa upanga wa sinema hakuuliza neno.

Wasomaji wetu wa jeshini na polisi waujua upanga wa gwaride. Huo nao haukukusudiwa kupigana leo, wala makali yake hayatiwi, lakini haufanywi ovyo. Kampuni ya Wilkinson Sword ya London, iliyoacha kufua panga mwaka 2005, ilikuwa ikilipinda bapa na kuligonga kabla ya kuliuza, na panga zake bora zilipewa namba iliyoingizwa katika daftari, hata mjukuu wa ofisa akaweza kujua upanga wa babu yake uliuzwa lini na kwa nani. Upanga wa pambo hauna daftari.

Mpwa wangu alimwuliza mzee kama ule uliovunjika waweza kufuliwa upya, kama katika hadithi. Mzee akasema chuma kile hakifai, ila angeweza kumfulia mwingine. Alichukua springi ya gari kuukuu, akainyosha juu ya fuawe, akaifua kwa siku kadhaa. Akaitia moto wa mkaa hata sumaku isiishike tena, akaichovya katika oili iliyotumika, kisha akaipasha tena kwa moto mdogo ili isiwe kama kioo. Mwisho akalibana bapa baina ya mawe mawili, akalivuta mpaka likawa upinde, akaliachia. Likarudi sawasawa. Siku tisa zilipita, na bei ilikuwa chini ya nusu ya ile iliyolipwa Dubai. Makali hakuyatia, kwa sharti langu.

Nisifiche kasoro zake. Alama za nyundo zaonekana, upande mmoja ni mnene kidogo kuliko wa pili, mpini ni wa mkaratusi mtupu, na hauna hata herufi moja ya wale wahunzi wa hadithini. Kijana alipouona uso ulimwanguka. Atakaye sura ile ya sinema na aununue wa kiwandani, hana kosa, mradi autundike juu kwa skrubu imara na usiteremshwe tena. Lakini tulipouweka wa mzee kwenye mizani ya duka ulikuwa kilo moja na robo, na uzito wake ulitulia karibu na mkono. Ule wa kwanza ulielemea mbele kama nyundo.

Jambo moja zaidi, na hili nawaambia hasa vijana. Askari aliye kizuizini jioni hawezi kujua kwa mbali kama upanga ni wa pambo au wa kuua. Mitaa hii ya kaskazini mwa jiji ina watu wengi wanaokumbuka vita vilivyoanza mwaka 1993, na mtu anayepita njiani na bapa wazi huwarudishia mambo ambayo hawakutaka kuyaona tena. Tuliusafirisha wetu ndani ya gunia lililoshonwa, tukampasha habari kiongozi wa mtaa kabla ya siku ya mchezo.

Siku hiyo askari wote wa mfalme walishika panga za mbao zilizopakwa rangi ya fedha. Mfalme peke yake ndiye aliyebeba wa chuma, na hakuruhusiwa kuuzungusha. Katika onyesho la tatu alijisahau akaugonga kwenye nguzo. Ukalia kama kengele, ukatulia.

Bapa la Dubai mzee alilinunua. Alilikata vipande akatengeneza visu vitatu vya jikoni, kimoja akampa dada yangu bure. Hukinoa kila wiki, nacho hakijashika kutu.