Ada ya Kahawa na Ushirika wa Ihanda

Kabla kahawa haijawa bidhaa ya kutiwa katika mizani, ilikuwa ada ya waungwana. Katika nchi ya Karagwe, na kwa jirani zao wa Buhaya, buni mbichi zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikawekwa akiba nyumbani, ili mgeni akifika, kabla hajaulizwa haja yake, apewe atafune. Na watu wawili waliotaka kuchanjiana udugu waligawana buni mbili za tunda moja, kila mmoja akala iliyopakwa damu ya mwenzake, na tangu hapo kumhini mwenziwe kukawa haramu juu yake.

Watu waliozoea kuifanya kahawa kuwa shahidi wa ahadi hawakuona ushirika kuwa jambo geni. Shamba la mkulima wa Ihanda, wilayani Karagwe, ni kibanja kinachoizunguka nyumba yake, mibuni ikiwa imechanganyika na migomba. Mavuno yake ni magunia machache, na mwenye magunia machache hana kauli mbele ya mfanyabiashara aliyekuja na lori. Kwa sababu hiyo wakulima wa nchi hizi walijiunga katika chama kikuu cha Bukoba kilichoanzishwa mwaka 1950. Vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama kikuu chake, KDCU, ambacho hata leo huhudumia Karagwe pamoja na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012.

Lakini ushirika wenyewe hauonekani katika sheria. Huonekana ghalani, kwenye chama cha msingi. Mkulima akisha kuanika kahawa yake juani, akaigeuza na kuichagua, huipeleka kwa karani, naye hutia mkono ndani ya gunia, akateka ukufi wa maganda na kuutikisa karibu na sikio: iliyokauka barabara hulia ndani ya ganda lake, na mbichi hunyamaza. Kisha hupima mbele ya macho ya watu na kuandika kilo katika stakabadhi. Maadamu kahawa ya wote huuzwa kwa pamoja, anayechanganya mbichi na kavu hamdhulumu mnunuzi peke yake, bali huishusha bei ya jirani zake wote. Fauka ya hayo, katika mkutano mkuu mwenye mibuni mingi na mwenye michache kila mmoja ana kura moja, na mjane aweza kusimama akamuuliza mwenyekiti fedha zimekwenda wapi.

Adui wa mapatano haya ni butura, yaani kuuza kahawa ingali maua au matunda mabichi mtini, kwa bei ya dhiki. Serikali imeipiga marufuku, na mwaka 2018 iliagiza kahawa yote iuzwe kwa njia ya ushirika. Hata hivyo wako waliozidi kuuza kwa siri, na wengine kuivusha kwa magendo hadi Uganda pindi bei ya huko ilipokuwa nzuri zaidi. Ni rahisi kuwaita watu hao wasaliti. Lakini maradhi hayangoji mavuno, wala msiba haungoji mnada, na mtoto atakiwa sare na madaftari mwezi wa kwanza, ilhali kahawa huanza kuvunwa karibu na mwezi wa tano. Basi anayeishika mali ya mkulima kwa fedha kidogo humjia saa ile ambayo chama hakipo.

Kwa hiyo kiongozi anayechelewesha malipo hana haki ya kumlaumu mwanachama aliyeingia katika butura, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyemsindikiza mlangoni kwa mlanguzi. Watu wa vijiji hivi hujua kuchangiana penye mazishi bila ya kushurutishwa na mtu. Chama kilichoweka akiba ya kuwakopesha wanachama wake katika miezi ya njaa, kikawalipa kwa wakati na kuwasomea hesabu hadharani, kitapata kahawa yao hata bila ya askari kusimama njiani.