Picha Iliyokuzwa na Ufa wa Mfupa
Picha ya eksirei inayotumwa kwa simu kutoka Gairo kwenda kwa daktari bingwa Morogoro au Dodoma aghalabu hubanwa na kupoteza nukta. Programu huweza kuikuza, lakini nukta inazoongeza ni makisio. Ubora hupimwa kwa kulinganisha picha iliyokuzwa na ile ya asili: PSNR, kwa desibeli, hukokotoa tofauti za nukta kwa nukta; SSIM, kipimo kilichochapishwa mwaka 2004, hulinganisha mwangaza, utofauti wa weusi na weupe, na maumbo; 1 ni kufanana kabisa. Hata hivyo, ufa mwembamba wa mfupa ni nukta chache. Ukifutika, alama ya jumla hubaki juu. Hivyo, mhudumu atume faili halisi. Mgonjwa naye aitunze filamu yake.