Pia ya Hanukkah na neema ya anayeanza

Kuna makala fupi ya hesabu ambayo tangu niisome imenikwama akilini. Ilichapishwa mwaka 1976 katika jarida la American Mathematical Monthly. Mwandishi wake, Robert Feinerman, anaonyesha kwamba mchezo wa pia wa Wayahudi una dhuluma ndani yake.

Pia hiyo, dreidel, ni dadu ya pande nne yenye kijiti cha kuizungushia. Huchezwa katika Hanukkah, sikukuu ya siku nane, kwa dau la karanga au sarafu za chokoleti. Kila mchezaji huweka kipande kimoja katikati, zamu zikaanza. Pia ikilala, herufi iliyo juu ndiyo huamua: nun, hupati wala hutoi, gimel, unazoa zote, he, unachukua nusu, shin, unaongeza kimoja. Dau likizolewa, wote huweka tena.

Kila herufi ina nafasi moja kati ya nne. Dhuluma inapenyea wapi? Tuiache pia, anatuelekeza Feinerman, tulitazame dau. Wakicheza wanne, wa kwanza anakuta vipande vinne kamili. Anaweza kuzoa vinne, kuchukua viwili, kutopata kitu, au kulipa kimoja. Jumlisha, toa, gawa kwa nne: wastani wake ni kipande kimoja na robo. Wa pili anakuta dau lililokwisha kumegwa, kwa wastani vipande vitatu na robo tatu, na pato lake linapungua. La wa tatu linapungua zaidi, mpaka zamu za mbele zikaribie kipande kimoja tu. Wakicheza wawili, wako sawa. Wakizidi hapo, anayeanza ana neema, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo neema yake inavyokua.

Hesabu hiyohiyo inatoa dawa: kwa wachezaji wanne, shin itoze vipande viwili badala ya kimoja. Hapo kila zamu inakuta wastani wa vinne, na haki inarudi.

Nampenda mtaalamu anayeuheshimu mchezo wa watoto kiasi hicho. Lakini je, familia zilizorithi kanuni hii kwa vizazi ziibadili kwa ajili ya robo ya karanga? Au mdogo wa nyumba ndiye aanze, neema iwe yake kwa ridhaa ya wote? Na ni wangapi waliokaa mwisho wakailaumu bahati yao, kumbe kilichowapunja ni zamu?