Sahihi ya Mtoto Haiwezi Kuwa Ngao ya Mtu Mzima

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Waliamini kwamba kidonda kingemfunza lile ambalo maonyo yalishindwa kumfunza. Sheria, hata hivyo, haikubaliani na wahenga katika jambo hili. Mtoto akishajikata, sheria haimgeukii yeye. Humgeukia aliyempa wembe na kumwuliza: ulimpa kwa nini, ilhali ulijua kuwa ni mtoto?

Swali hili linawahusu walimu na wanafunzi kuliko wanavyodhani. Vijana wa leo wana hamu kubwa ya michezo ya hatari. Wako wanaotamani kujirusha kutoka kwenye ndege kwa parachuti, mchezo ambao umefika hata katika ufuo wetu wa Diani. Wako wanaokwea majabali, na wako wanaoteremka na maji ya kasi kwa mitumbwi ya mpira kule Sagana. Kabla ya kushiriki, kila mmoja hupewa karatasi atie sahihi. Maneno ya karatasi hizo hayatofautiani sana: mshiriki anakiri kwamba anazijua hatari zote, na kwamba akiumia au akifa, si yeye wala jamaa zake watakaodai fidia. Baadhi ya fomu za ziara za shule nazo hubeba maneno yaya haya.

Je, karatasi ya namna hiyo ikitiwa sahihi na kijana wa miaka 16 au 17, ina nguvu yoyote?

Hapa Kenya, Sheria ya Umri wa Utu Uzima ya mwaka wa 1974 inasema kwamba mtu huwa mzima anapotimiza miaka 18. Katiba ya mwaka wa 2010 na Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 zimeushikilia umri huohuo. Aliye chini ya umri huo anaweza kufanya mikataba, lakini kwa kawaida mikataba hiyo haimfungi yeye kama inavyomfunga mwenzake aliye mtu mzima. Inayomfunga ni michache: ile ya mahitaji ya lazima, kama vile chakula, mavazi na makao, na ile ya kazi au mafunzo ambayo, ikitazamwa kwa jumla, ina manufaa kwake.

Mipaka ya mahitaji hayo imepimwa mahakamani. Mwaka wa 1908, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mshonaji aliyemdai mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge bei ya nguo za fahari, vikiwemo vizibao 11. Mshonaji alishindwa, kwa kuwa kijana yule alikuwa na nguo za kumtosha. Ikiwa kizibao cha kumi na moja si hitaji la lazima, ni vigumu kuona vipi kuruka kutoka angani kwa ajili ya burudani kutahesabiwa kuwa hitaji.

Kuna kesi nyingine mbili zinazoligusa suala letu kwa karibu zaidi. Zote ziliamuliwa nchini Uingereza mwaka wa 1894, na zote zilihusu kampuni moja ya reli, London and North Western. Katika kesi ya kwanza, kijana alisafiri kwa nauli nafuu kwa sharti kwamba kampuni haitawajibika akipatwa na ajali. Mahakama ilisema sharti hilo halimfungi. Nauli aliyopunguziwa ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na haki aliyonyang'anywa. Katika kesi ya pili, kijana mwajiriwa wa reli alijiunga na mpango wa bima wa kampuni, na kwa kufanya hivyo akaiacha haki yake ya kushtaki chini ya sheria ya waajiri ya mwaka wa 1880. Yeye aliambiwa kwamba mkataba unamfunga. Bima ile ilimlipa hata pale ambapo ajali haikutokana na kosa la mwajiri, kwa hiyo kwa jumla ilimfaa.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya kale yasiyotuhusu. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, imeipokea sheria ya mikataba ya Uingereza iliyojengwa na maamuzi ya majaji. Na sheria inayosimamia mamlaka ya mahakama zetu, Sura ya 8, imeitaja tarehe 12 Agosti 1897 kuwa siku ya kupimia sheria za Uingereza tulizorithi. Kesi hizo mbili zilikwisha kuamuliwa kabla ya siku hiyo. Kipimo chake ni chepesi hata kwa mwanafunzi wa sekondari: tazama mtoto amepewa nini, kisha tazama amenyang'anywa nini. Karatasi inayomnyang'anya haki ya kudai fidia ya mguu uliovunjika kwa uzembe wa mwingine, bila kumpa bima wala chochote cha kufidia hasara hiyo, haiwezi kukipita kipimo hicho.

Hata hivyo, kijana asishangilie mapema. Mwaka wa 1981, Mahakama ya Juu ya jimbo la Colorado, nchini Marekani, iliamua kesi iliyohusu mchezo huohuo wa parachuti. Mnamo Novemba 1973, kijana wa miaka 17 alitia sahihi mkataba na kampuni ya kurusha watu, akiahidi kutoishtaki. Mwezi uliofuata alitimiza miaka 18. Hakuukana mkataba ule, bali aliendelea kuvitumia vifaa na ndege za kampuni. Oktoba 1974, ndege iliyombeba ilianguka muda mfupi baada ya kupaa, naye akaumia vibaya. Aliposhtaki, mahakama ilisema kwamba idhini ya mzazi peke yake haikutosha kuuhalalisha mkataba wa mtoto. Lakini kwa kuwa kijana aliendelea kufaidika na mkataba baada ya kuwa mtu mzima, yeye mwenyewe alikuwa ameuidhinisha. Dai lake la uzembe wa kawaida likaanguka.

Funzo la kesi hiyo ni zito. Sahihi ya mtoto ni kama mbegu iliyolala. Anapofikisha miaka 18 ana hiari ya kuing'oa, ila akiendelea kuimwagilia maji, huota na kumfunga. Ingawa uamuzi wa Colorado hauzilazimishi mahakama zetu, kanuni ya kwamba mtu mzima anaweza kuidhinisha alichokifanya utotoni ina mizizi katika sheria ileile ya Kiingereza.

Na sahihi ya mzazi je? Hapa mahakama za Marekani zimegawanyika. Mwaka wa 1998, Mahakama ya Juu ya Ohio iliikubali hati iliyotiwa sahihi na mzazi kwa niaba ya mtoto aliyecheza kandanda katika chama cha watu waliojitolea bila malipo. Mwaka wa 2001, Mahakama ya Juu ya Utah ilikataa hati kama hiyo katika kesi ya msichana aliyeanguka kutoka kwenye farasi. Mwaka wa 2002 Colorado nayo ilikataa, lakini bunge la jimbo hilo likaupindua uamuzi huo kwa sheria mwaka uliofuata.

Hoja ya Utah ndiyo inayoniridhisha, na inapatana na kanuni zetu wenyewe. Katika Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka wa 2010, Amri ya 32, anayemwakilisha mtoto mahakamani haruhusiwi kuisuluhisha kesi bila kibali cha mahakama, hata akiwa mzazi wake. Ikiwa mzazi haachiwi kuuza haki ya mtoto baada ya ajali, wakati jeraha linaonekana na gharama ya matibabu inajulikana, ataachiwaje kuigawa bure kabla ya ajali, wakati hakuna ajuaye kama litavunjika kidole au uti wa mgongo? Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Fomu ya shule haikuondolewa katika jambo hilo.

Nawasikia walimu wakilalama. Watasema kwamba bila karatasi hizo hakuna atakayethubutu kuwapeleka watoto hata kwenye jumba la makumbusho. Hofu hiyo nnaiheshimu, kwani mwalimu anayejitolea Jumamosi yake si adui wa mtoto. Lakini tutenganishe mambo mawili. Kuna hatari iliyomo ndani ya shughuli yenyewe, kama mchezaji kuteguka kifundo cha mguu katika mchezo ulioendeshwa ipasavyo. Kwa hiyo mwalimu mwangalifu hana sababu ya kulaumiwa, awe na karatasi au asiwe nayo. Kisha kuna uzembe: basi bovu, kamba iliyochakaa, watoto arobaini majini na mwangalizi mmoja. Anayehitaji karatasi ya kumkinga na uzembe ndiye hasa asiyepaswa kukabidhiwa watoto.

Basi shule zifanye nini? Ziendelee kutoa fomu, lakini fomu zibadili kazi. Badala ya kusema kwamba shule haitawajibika, zimweleze mzazi safari ni ya wapi, chombo ni kipi, hatari ni zipi, waangalizi ni wangapi na bima ni ya nani. Zimwulize kama mtoto ana pumu au kifafa, na kama anajua kuogelea. Fomu ya namna hiyo humlinda mtoto, na kwa kumlinda mtoto humlinda mwalimu pia. Wenye michezo ya hatari nao waweke mipaka ya umri na waiheshimu. Nchini Uingereza, kijana wa miaka 16 huruhusiwa kuruka kwa parachuti kwa idhini ya mzazi, lakini chama cha warukaji cha Marekani kimeshikilia miaka 18. Sahihi ya mzazi nchini humo haijapata kuwa kinga ya kutegemewa.

Kwako mwanafunzi, nina neno moja. Usitie sahihi usichokisoma kwa kujiambia kwamba wewe ni mtoto na haitakufunga. Siku utakapotimiza miaka 18, hakuna kengele itakayolia. Sheria itakuhesabu kuwa mtu mzima kimyakimya, na karatasi ulizoziacha nyuma zitakuwa zinakungoja. Zisome upya, uzikane usizozitaka, kabla hujapanda ndege.

Na kwako mtu mzima unayeushika wembe: usimwombe mtoto akuandikie barua ya kukusamehe kabla hujampa.