Kabla ya Kamera, Mwanga

Ukiingia kwenye duka la vifaa vya kompyuta pale Kariakoo au Luthuli Avenue na kuulizia kamera ya kupigia simu za video, utaelekezwa kwenye namba. Hii ni 720p, hii 1080p, na ile iliyofungiwa kwenye kabati la kioo ni 4K. Namba ikipanda, bei nayo inapanda. Muuzaji hana nia mbaya, ndivyo boksi linavyosema. Lakini namba hiyo inahesabu pikseli tu, na pikseli ni sehemu ndogo ya kinachoufanya uso wako uonekane vizuri kwa ndugu aliye Muscat au Toronto. Sehemu kubwa haiandikwi kwenye boksi lolote: ni kiasi cha mwanga kinachofika kwenye kipande cha silikoni kilichoko nyuma ya lenzi, kiitwacho sensa. Nimeona familia nyingi zikijibana ili zinunue namba kubwa, na bado bibi wa upande wa pili anaendelea kuuliza kama umeme umekatika.

Tuanze na silikoni yenyewe. Mwanga husafiri kwa chembe zisizogawanyika, fotoni. Albert Einstein ndiye aliyelitoa wazo hilo mwaka 1905, alipoeleza jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kwenye metali, na kazi hiyo ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921. Ndani ya kamera, fotoni ikigonga silikoni huachilia elektroni. Kila pikseli hukusanya elektroni zake kwa muda mfupi sana, kisha zinapimwa, na vipimo hivyo ndivyo picha. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni namna ya kuzisogeza elektroni hizo kutoka pikseli moja hadi nyingine mpaka zifike mahali pa kusomwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL ya NASA, wakitafuta kamera ndogo isiyokula umeme mwingi kwa ajili ya vyombo vya angani, waliipa kila pikseli kikuza-ishara chake chenyewe. Mfumo huo uliobuniwa kwa safari za sayari za mbali ndio uliomo leo kwenye simu yako, kwenye laptopu, na kwenye karibu kila kamera inayochomekwa kwa USB.

Sasa shida. Fotoni hazifiki kwa mpangilio. Panga vikombe uani wakati manyunyu yanaanza: baada ya dakika moja kimoja kina matone matatu, cha jirani yake saba, kingine hakina hata tone, ingawa vyote viko chini ya wingu lilelile. Mvua ikikolea, tofauti hizo hazionekani tena. Wanafizikia wana kanuni yake: ukitarajia idadi fulani ya fotoni, zitakazofika zitayumba kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi hiyo. Pikseli inayotarajia fotoni 10,000 itayumba kwa 100, yaani asilimia 1, na jicho halioni. Inayotarajia 100 itayumba kwa 10, asilimia 10 nzima. Pikseli mbili zinazotazama shavu lilelile zitatoa rangi mbili tofauti, na fremu inayofuata zitatofautiana kwa namna nyingine. Hizo ndizo chenga unazoziona zikichezacheza ukutani usiku. Kamera si mbovu. Huo ni mwenendo wa mwanga wenyewe, na hakuna kiwanda kinachoweza kuubadilisha.

Hapo ndipo 4K ya bei nafuu inapokwama. Picha ya 1080p ina pikseli milioni 2 na kidogo, ya 4K milioni 8 na kidogo, mara nne. Ukizibana pikseli mara nne kwenye kipande cha silikoni cha ukubwa uleule, kila moja inabaki na robo ya eneo, kwa hiyo na robo ya mwanga. Sebuleni saa mbili usiku, kamera hiyo ya bei kubwa inaweza kuonyesha chenga nyingi kwa kila pikseli kuliko ndugu yake mnyonge. Tena, programu nyingi za simu za video hazitumi zaidi ya 1080p, na mtandao ukilegea hushuka hadi 720p au chini ya hapo. Pikseli za ziada zinatupwa kabla hazijatoka nyumbani kwako.

Jicho letu hutudanganya hapa kwa sababu linajirekebisha kimyakimya. Jua la mchana hutoa mwanga wa takriban laksi 100,000. Sebule yenye balbu moja darini usiku mara nyingi haifikishi 100. Ni tofauti ya mara elfu, na wewe unaona tu kwamba ndani kuna giza kidogo. Kamera haina huruma hiyo. Inayorekodi fremu 30 kwa sekunde ina sehemu moja ya thelathini ya sekunde tu ya kukusanya fotoni kwa kila fremu. Ikipungukiwa, hukuza ishara pamoja na chenga zake, au hupunguza fremu, ndiyo maana usiku mkono unaopunga huacha kivuli nyuma yake.

Dawa yake ni rahisi. Mwanga wa taa hupungua kwa mraba wa umbali: taa ya mezani iliyokuwa mita mbili kutoka usoni ukiisogeza hadi mita moja, uso unapata mara nne. Mchana, kaa ukilitazama dirisha, usilipe mgongo. Usiku, ielekeze taa ya mezani kwenye ukuta mweupe ulio mbele yako ili mwanga urudi umetawanyika. Balbu ya darini peke yake hutia vivuli kwenye macho. Kamera ya kawaida iliyopewa mwanga wa namna hii hutoa picha nzuri kuliko ya ghali iliyoachwa gizani.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi jambo hili lina uzito zaidi, na sipendi lipitwe kwa haraka. Melanini hunyonya mwanga, kwa hiyo uso mweusi hurudisha fotoni chache kuliko uso mweupe chini ya taa ileile. Juu ya hapo, kamera hupima mwangaza wa picha nzima na kuutafutia wastani. Keti mbele ya ukuta wa chokaa nyeupe, kama kuta za nyumba zetu nyingi, na kamera itadhani mwanga umezidi, iupunguze, uso ubaki kivuli chenye meno. Kwa miongo mingi Kodak ilisambaza kwa maabara za kusafishia picha kadi ya mfano ya kurekebishia rangi, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, yenye picha ya mwanamke mweupe. Uso wake ndio uliokuwa kipimo. Mwaka 2009 ilisambaa video ya wafanyakazi wawili wakijaribu kamera ya kompyuta ya HP iliyotakiwa kugeuka kumfuata mtu. Ilimfuata mwanamke mweupe na ikagoma kumfuata mwenzake mweusi. Kampuni ilijibu kwamba programu yake ilitegemea tofauti ya mwangaza kati ya sehemu za uso, na mwanga wa mbele ukiwa hafifu huweza kushindwa. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia ya mtu kwa sura yake: kwa wanawake weusi makosa yalifika asilimia 34.7, na kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa hiyo chagua kamera inayokuruhusu kupanga mwangaza kwa mkono, na usikubali kuambiwa kwamba uso wako ndio wenye tatizo. Nyuma yako weka kitu chenye rangi ya wastani: pazia, kabati la vitabu, hata kanga iliyotundikwa.

Kuna kero nyingine ndogo ambayo watu huirudishia kamera dukani bure. Mistari myeusi inapanda na kushuka kwenye picha chini ya taa za umeme. Umeme wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Oman huenda kwa mzunguko wa 50 Hz, na taa nyingi hupepesa mara mbili ya hapo, mara 100 kwa sekunde. Kamera za siku hizi husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo mistari ya juu huikuta taa imewaka na ya chini huikuta imefifia. Kamera nyingi hufika zikiwa zimepangiwa 60 Hz ya Marekani. Fungua mipangilio, tafuta 50 Hz, ichague. Mistari itapotea papo hapo.

Giza linakula pia bando, na hili wengi hawalijui. Picha ya 1080p isiyobanwa ni takriban megabaiti 187 kwa kila sekunde. GB moja ingeisha kabla ya sekunde 6. Kinachotuokoa kilianza na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kansas State. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti Marekani akanyimwa, akaendelea vivyo hivyo, na mwaka 1974 yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao wakachapisha njia ya kueleza kila mraba mdogo wa picha kama jumla ya mawimbi ya mwanga na kivuli, mapana na membamba. Jicho halijali sana mawimbi membamba, hivyo mengi yake huweza kuachwa. Programu za video zikaongeza jambo moja: kutuma kile tu kilichobadilika tangu fremu iliyopita. Kwa njia hiyo saa nzima ya mazungumzo yenye picha safi huingia kwenye GB moja au zaidi kidogo.

Chenga huharibu hesabu yote hiyo. Ukuta uliotulia unaonekana kwa programu kama kitu kinachobadilika kila fremu, kila mahali. Ama bando linakwenda kwenye kusafirisha chenga, ama programu inafuta kila kilicho chembamba, nyusi na mistari ya uso vikiwemo, na mama anaonekana kama hana makunyanzi. Kuwasha taa kunapunguza mzigo wa mtandao.

Picha ikishabanwa, bado inabidi isafiri. Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2009 iligawanywa kati ya Boyle na Smith kwa sensa yao, na Charles Kao kwa kazi yake ya kupitisha mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Mwaka huohuo mikongo ya baharini ya nyuzi hizo, TEAMS na SEACOM, ilianza kazi Afrika Mashariki. Kabla ya hapo mazungumzo mengi yalipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu na kushuka, robo ya sekunde kwa upande mmoja tu, na watu wakawa wanakatizana maneno. Hata leo mazungumzo hufa sauti isiposikika, picha iwe safi namna gani, kwa hiyo kama fedha inatosha kuongeza kitu kimoja tu, ongeza maikrofoni ya kuvaa sikioni.

Kamera za kulinda mlango au kumwangalia mtoto kitandani zimelitatua suala la giza kwa kubeba taa yake. Silikoni huona zaidi ya jicho la binadamu, hadi kwenye infraredi, na kamera hizo huwasha vitaa vya infraredi tusivyoviona. Ndiyo maana picha zake za usiku hazina rangi. Chukua rimoti ya televisheni, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako, bonyeza: kwenye simu nyingi utaona nukta ya zambarau ikimetameta pale ambapo jicho lako halioni kitu. Kamera ya aina hii ikiunganishwa na intaneti, badilisha nywila iliyokuja nayo kabla ya kuifunga ukutani. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingine vya nyumbani vingi mno kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani.

Kuhusu ununuzi, kwanza jaribu simu ya zamani iliyolala kwenye droo. Sensa ya kamera yake ya nyuma kwa kawaida ni kubwa kuliko za laptopu nyingi, na zipo programu za kuiunganisha na kompyuta kwa waya. Iegemeze juu ya skrini, usawa wa macho. Ikishindikana, nenda dukani jioni, omba kamera ichomekwe, simama mbali na taa kali, jitazame kwa dakika nzima. Kisha shika gazeti mbele ya lenzi. Kamera iliyoandikwa 1080p inayovuruga kabisa herufi ndogo za gazeti huenda ina pikseli chache zilizotanuliwa kwa programu, na unayo haki ya kumwambia muuzaji akuletee nyingine.